Saa 20 za kulea watoto wa wengine

Mwaka 2019 nilikuwa nafanya ukalimani wa Kiswahili katika mji mmoja wa Marekani. Nilikuwa naitwa hospitalini, shuleni, mahakamani, na zaidi ya kote kwenye ofisi ya kaunti inayogawa misaada kwa familia maskini. Wengi niliowatafsiria walikuwa Wakongo wa Fizi na Uvira waliokulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa hiyo Kiswahili chao kilikuwa nusu cha Kigoma na nusu cha kwao. Kisa hiki ni cha mama mmoja kati yao. Jina lake na mji silitaji, na mambo madogomadogo nimeyageuza asije akatambulika. Mengine ni kama nilivyoyasikia na kuyatamka kwa mdomo wangu.

Alikuwa na miaka 29. Ziwa Tanganyika alilivuka akiwa na miaka 6, mwishoni mwa 1996, vita vilipowaka Kivu ya Kusini. Kambini alisoma, akaolewa, akazaa, na humo humo akafiwa na mumewe mimba ya mwisho ikiwa bado changa. Alipoitwa kupanda ndege alikuwa mjane mwenye watoto wanne: binti wa miaka 11, mvulana wa 8, mvulana wa 3 mwenye seli mundu, na kitindamimba ambaye wakati wa mambo haya alikuwa na miezi 14.

Ofisi ilimpangia posho ya dola 420 kwa mwezi. Afisa wake, au kesiwaka kama Wakongo wa huko wanavyowaita, alikuwa kijana mpole aliyejitahidi kutamka jina lake vizuri. Alimweleza kwamba posho hiyo ina sharti la kazi, na kwamba kwake sharti limelegezwa: mama wa peke yake mwenye mtoto chini ya miaka 6 anatakiwa saa 20 tu kwa wiki, wakati wengine ni 30. Kwa kuwa hakuwa na Kiingereza cha kuajiriwa, angepelekwa mahali “apate uzoefu wa kazi” bila mshahara, na posho ndiyo ingekuwa malipo.

Mahali penyewe palikuwa kituo cha kulea watoto.

Ratiba yake naijua kwa sababu niliiandika mwenyewe kwa Kiswahili ili aibandike jikoni. Saa kumi na moja alfajiri kuamka. Saa kumi na mbili na nusu kuwatoa wakubwa kwenda kungoja basi la shule. Kisha kuwabeba wadogo wawili, mmoja mgongoni na mmoja mkononi, hadi deikea, yaani kituo cha kulea watoto mchana, ambayo serikali ilikuwa inailipia. Halafu mabasi mawili hadi kituo chake cha kazi, upande wa pili wa mji, ambako kwa saa nne alibadilisha nepi, alilisha uji wa shayiri, alifuta makamasi, alibembeleza mtoto anayelia akimtaka mama yake. Kisha mabasi mawili kurudi kuwachukua wake.

Kila Ijumaa alileta karatasi ya saa. Ina safu tano za siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jumla, na mahali pa sahihi ya msimamizi. Wiki ya tatu au ya nne aliiweka mezani, akaiangalia kwa muda, kisha akaniambia, “Dada, niulizie kitu. Nikiwasafisha mavi watoto wa pale, ni kazi?” Nikauliza. Afisa akasema ndiyo, ni kazi. “Na batoto bangu?” Hapo alirudi kwenye Kiswahili cha mama yake, kama alivyofanya kila alipoguswa. “Hawa wangu mstari wao uko wapi hapa?”

Afisa aligeuza karatasi, akaangalia orodha iliyochapwa nyuma. Akasema kulea mtoto wako si shughuli inayohesabika.

Mkalimani anatakiwa kusema kwa nafsi ya kwanza. Afisa akisema “nimekukata,” mimi ndiye ninayetamka “nimekukata.” Kwa hiyo ni mimi, mwanamke mwenzake, niliyemtazama usoni nikamwambia kwamba kulea watoto wake si kazi. Sikuruhusiwa kuongeza neno. Ninayoyaandika hapa ndiyo ambayo siku ile sikuyasema.

Kilichotokea Oktoba

Anayemuuguza mtoto wa seli mundu anajua kwamba ugonjwa huu haungoji nafasi. Kliniki ilimfundisha huyu mama mambo ambayo nesi husomea darasani. Kila siku amnyweshe mtoto maji ya kutosha. Asimwache apigwe na baridi, na huko baridi huanza mapema. Ampe penisilini asubuhi na jioni bila kukosa. Joto likifika 38.5 amkimbize hospitalini saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Na bandama: daktari alimshika mkono, akaweka vidole vyake chini ya mbavu za kushoto za mtoto, akamwonyesha namna ya kupapasa taratibu na kuipima kwa kuhesabu vidole ili ajue kama imevimba, kwa sababu bandama inaweza kujaa damu ghafla na kumuua mtoto kwa muda wa saa chache. Nilitafsiri somo lile. Alirudia mara tatu mbele ya daktari mpaka alipoambiwa amepatia. Tangu siku hiyo alikuwa anaipima bandama ile kila asubuhi kabla ya kumvalisha nguo.

Katikati ya Oktoba mikono na miguu ya mtoto ilivimba, akalazwa. Mama alikosa zamu nne. Aliporuhusiwa, deikea ikakataa kumpokea mpaka ije barua ya daktari kwamba yuko salama, na barua ikachukua siku nyingine tatu. Zamu saba za saa nne ni saa 28. Kanuni za shirikisho zinaruhusu ofisi kusamehe saa zilizokosekana kwa sababu ya maana, lakini zisizidi 16 kwa mwezi wala 80 kwa mwaka. Zikabaki saa 12 zisizo na mwenyewe.

Barua ikaja. Ilikuwa na kurasa nne za Kiingereza, na ukurasa wa mwisho orodha ya lugha nyingi, kila lugha na mstari wake mmoja unaosema ukihitaji msaada wa lugha piga namba hii. Kiswahili kilikuwemo, mstari mmoja. Kwamba posho ya nyumba nzima itasimamishwa, kwamba ana siku kumi za kupinga, hayo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Binti wa miaka 11 ndiye aliyemsomea, kwa Kiingereza chake cha miezi michache, na alifika kwenye neno la “kosa” akadhani mama yake atafungwa.

Sheria inahesabu nini

Sheria iliyomshika ilitiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 22 Agosti 1996, mwaka uleule ambao yeye alivuka ziwa na Nyarugusu ikafunguliwa. Ilifuta mpango wa tangu 1935 uliompa kila mama maskini aliyetimiza vigezo haki ya kusaidiwa. Mahali pake majimbo yakapewa fungu la jumla, kama dola bilioni 16.5 kwa mwaka, na fungu hilo halijaongezwa kufuata bei tangu wakati huo. Mtu mzima akaekewa ukomo wa miezi 60 maishani. Na jimbo likatakiwa kuonyesha kwamba nusu ya familia zinazopokea zina mtu anayefanya “shughuli ya kazi,” na fungu linaweza kupunguzwa lisipofikia. Ndiyo maana kijana mpole anakuwa mkali kuhusu saa 12: na yeye ofisi yake inahesabiwa.

Shughuli zinazokubalika ni 12. Kuajiriwa imo, kupata uzoefu wa kazi imo, kutafuta kazi imo kwa wiki chache, mafunzo ya ufundi yamo lakini yasizidi miezi 12. Naomba msomaji asimame kwenye ya 12. Inasema itahesabiwa kazi ikiwa mtu anamlelea watoto mwenzake anayeshiriki huduma za jamii. Maana yake ni hii: jirani yako akienda kufagia bustani ya mji, nawe ukabaki na watoto wake, nyote wawili mnafanya kazi. Ukibaki na watoto wako mwenyewe, hufanyi kazi. Nepi ni ileile na uji ni uleule, na mtoto anapaliwa vilevile.

Kwa hiyo waliotunga sheria wanajua vizuri kwamba kulea ni kazi. Wameiandika kwenye orodha kwa mkono wao. Walichokataa ni kwamba ibaki kazi pale anayeifanya ni mama maskini na anayelelewa ni mwanawe. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo shida ya sharti hili, kabla hata hatujafika kwenye mabasi na barua. Wanaolitetea husema linawafundisha wanawake kufanya kazi. Mama huyu alikuwa kazini tangu saa kumi na moja alfajiri, na sharti lilichofanya ni kuihamisha kazi yake kutoka kwa mtoto mgonjwa anayemhitaji kwenda kwa mtoto mwenye afya ambaye mtu mwingine anaweza kumlea. Na fedha hazikuokolewa: karatasi ya deikea niliiona, na kiasi ambacho serikali ilikuwa inakilipa kituo kwa watoto wake wawili wadogo kilikaribia mara mbili ya posho yake yote.

Pamba, pasi na kura ya turufu

Sharti hili halikuzaliwa 1996. Mwaka 1943 jimbo la Louisiana liliweka kanuni ya kuinyima familia msaada wakati wowote nguvu yake inapohitajika kwenye mashamba ya pamba, na hesabu ya nguvu hiyo ilishuka hadi kwa watoto wa miaka 7. Georgia ikafuata 1952: mama mwenye watoto wa zaidi ya miaka 3 angeweza kukataliwa msaada kama kuna kazi inayomfaa. Mashamba yale na jikoni zile ziliwangoja akina nani, kila mtu wa majimbo ya Kusini alijua. Msaada wenyewe ulibuniwa ili mjane abaki nyumbani alee. Mweupe alibaki, mweusi akaambiwa pamba imekomaa.

Johnnie Tillmon alitoka kwenye pamba hiyo. Alizaliwa Arkansas 1926, akaanza kuivuna akiwa mtoto, baadaye akahamia California na watoto wake sita, akawa mpiga pasi katika dobi moja huko Compton. Alikuwa kiongozi wa wafanyakazi wenzake, mtu asiyejua kukaa bure. Mwaka 1963 akaugua, na binti yake akawa anatoroka shule. Akashauriwa aombe msaada ili awe karibu na watoto, na alipouomba akagundua kwamba maafisa wanafungua hadi friji za wanawake kuangalia walichonunua. Akawakusanya mama wenzake wa nyumba za serikali za Watts, mtaa wa Los Angeles, na miaka michache baadaye akawa mwenyekiti wa umoja wa taifa zima wa kudai haki za wanaopokea msaada. Mwaka 1972 aliandika hoja ambayo bado haijajibiwa: serikali itamke kwamba kazi za wanawake ni kazi halisi, iwalipe ujira wa kuishi kwa kulea watoto na kutunza nyumba, na suala la msaada litakuwa limekwisha.

Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 1971, Rais Nixon alikuwa amefanya mambo mawili. Tarehe 9 aliukataa muswada ambao ungeanzisha vituo vya malezi nchi nzima, akisema utaielekeza serikali kwenye malezi ya pamoja badala ya yale yanayotegemea familia. Tarehe 28 akatia saini sheria iliyowalazimu akina mama wanaopokea msaada, ambao watoto wao wamefika miaka 6, kujiandikisha kwa kazi au mafunzo. Katika mwezi mmoja huohuo mama wa tabaka la kati aliambiwa mahali pake ni kwa wanawe, na mama maskini akaambiwa atoke nje.

Miaka 40 baadaye sauti ilikuwa bado ileile. Mwaka 2012 Mitt Romney, akigombea urais, alisema mama anayepokea msaada anapaswa kwenda kazini hata kama mtoto ana miaka 2, ili apate heshima ya kazi. Miezi michache baadaye mtu mmoja alidokeza kwamba mke wa Romney, aliyelea wavulana watano nyumbani, hajawahi kufanya kazi. Kambi yake ikaja juu: kulea ni kazi ngumu kuliko zote! Mimi nakubaliana nao kabisa. Ningependa tu kujua ni mshahara wa mume kiasi gani unaoigeuza nepi kuwa kazi.

Wanawake wenyewe hatukubaliani

Kuna hoja moja siwezi kuipita, kwa sababu imetoka ndani ya ufeministi. Wanawake wengi walipigana kwa miongo ili watoke jikoni na wawe na kipato chao. Kwao, kumlipa mama abaki nyumbani ni kumfungia mlango upya. Na ni kweli kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 akina mama wengi wa peke yao waliingia kwenye ajira. Lakini miaka ile kazi zilikuwa tele, na nyongeza ya serikali kwa wafanyakazi wa kipato kidogo ilikuwa imepanuliwa 1993. Sharti peke yake haliwezi kudai sifa yote. Dhoruba za uchumi zilipokuja baadaye, mlango ulikuwa umefungwa: mwaka 1996, kati ya familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilipata msaada huu wa fedha, kufikia 2020 zilikuwa kama 21.

Hoja ya ukombozi kwa kazi inasahau pia nani anabaki na mtoto. Mimi nimelelewa Tanga na mama mwenye ajira, na ninajivunia ajira ile. Lakini aliyenibeba mgongoni ni dada wa kazi aliyetoka Lushoto, aliyekuwa na mtoto wake huko kwa bibi. Mama yangu alikuwa huru kwa sababu yule dada hakuwa huru. Naandika haya kwa heshima yao wote wawili. Mwanamke mweusi wa Marekani hajawahi kunyimwa kazi ya nje. Tangu utumwa aliipewa kwa nguvu, kwenye nyumba na watoto wa wengine. Alichonyimwa ni kukaa na wake. Kwa mama wa Fizi kumpeleka kituoni kubembeleza watoto wa mji mzima haikuwa ukombozi.

Patsy Mink, mbunge wa Hawaii, aliliona hili. Mwaka 2001 alipeleka muswada ambao, pamoja na mengine, ungetambua malezi ya mtoto mdogo au mgonjwa kuwa shughuli ya kazi. Haukupita, naye alifariki Septemba 2002. Haukumlazimisha mama yeyote abaki nyumbani. Anayetaka kwenda kiwandani angekwenda. Mimi nadai kidogo kuliko alivyodai Tillmon: shughuli ya 13 kwenye orodha, mstari mmoja, karatasi ya saa ileile.

Namna ilivyokwisha

Rufaa ilikatwa siku ya nane. Aliyeiona njia ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa kliniki ya seli mundu. Kanuni zinamruhusu mzazi anayemuuguza mwanafamilia mwenye ulemavu nyumbani kuondolewa kwenye hesabu ya wanaotakiwa kufanya kazi, mradi uwepo ushahidi wa daktari. Tangu mwanzo kanuni hii ilikuwepo, na hakuna aliyemwambia. Fomu ikajazwa, afisa akaipokea kwa furaha ya dhati, posho ikarudi.

Nilimtafsiria fomu hiyo mstari kwa mstari. Alisita kwenye neno “ulemavu.” Akauliza kama likiandikwa litamfuata mtoto shuleni, atakapotaka kuoa, atakapotafuta kazi. Nikamuuliza afisa, akasema ni kwa matumizi ya ofisi tu. Mama akatia sahihi. Hata hapo uuguzi wake haukuandikwa popote kuwa kazi. Kilichoandikwa ni kasoro ya mtoto, na yeye akasamehewa kwa sababu ya kasoro hiyo, kwa miezi 6, kisha fomu ianze upya. Na saa ya miezi 60 iliendelea kugonga, kwa kuwa kusamehewa sharti la kazi hakuisimamishi.

Hakuingoja imalizike. Mwaka uliofuata alipata zamu ya usiku kwenye ghala, saa nne usiku hadi kumi na mbili asubuhi, kwa mshahara, kwa hiari yake, na akajitoa kwenye posho. Mara ya mwisho nilipokwenda kwake kumsomea barua ya shule ilikuwa jioni na alikuwa anavaa viatu vya kazi. Binti yake alinifungulia mlango. Alikuwa amemfunga kitindamimba mgongoni kwa kitenge, na mkono wa kulia ulikuwa chini ya fulana ya mdogo wake wa kiume, chini ya mbavu za kushoto, anapapasa taratibu. “Shikamoo shangazi,” akasema. “Subiri kidogo, nahesabu vidole.”